Askari Mtoro Mbele ya Rais

Kwa jina la Mungu, ambaye rehema zake hazina ukingo.

Dada yangu mpendwa Lavinia, pokea salamu za heshima kutoka Illinois. Sisi tu wazima, ingawa theluji imefika madirishani.

Wajua kwamba kila siku ya kuzaliwa kwa Lincoln, mdogo wetu Verlin huvaa kofia ndefu kama yake na kumwigiza Rais huyo, na kutwa nzima hakubali kuitwa kwa jina lake. Hutuhubiria kwamba, katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe, huruma ya Lincoln kwa askari watoro ilikuwa kubwa kuliko ushindi wake. Mwaka huu, ukumbi wa kanisa ukiwa umejaa, aliingia mwanawe Curtis, aliyelitoroka shamba katikati ya mavuno ya mahindi, na ambaye Verlin aliapa kwamba hatalala tena nyumbani kwake.

"Mheshimiwa Rais," alisema Curtis, "mimi ni askari niliyekimbia vita. Naomba msamaha."

Verlin aliuma meno.

"Kijana, ujanja huu umeurithi kwa nani? Haya, umesamehewa. Lakini Verlin sijui atasemaje. Yule mzee ni mgumu."

"Basi nitalala kwako, Mheshimiwa."

Wiki imepita sasa. Jana mezani, wifi yako Thelma alimwambia, "Baba Curtis, livue hilo likofia refu, linagonga taa."

"Nikilivua," akajibu Verlin, "mtoto atalala wapi?"

Mola aijalie nyumba yako amani, na kila aliyemo humo alale salama.

Kaka yako,
Harlan