Nafasi Tupu Baada ya Jina la Bakari

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekatika, mtaani kwetu Mabawa ni matope mpaka mlangoni. Nimerudi kutoka Kigombe na nina aibu.

Wiki tatu zilizopita Bi Mwanahawa, mama wa miaka sabini na kitu, alikuja kwenye ofisi yetu ya kumbukumbu. Alikuwa akimtafuta baba yake, Bakari Sheshe, aliyekwenda kukata mkonge miaka ya hamsini asirudi. Kaka yake amekuwa akisema siku zote kwamba baba alioa kwingine akawatupa. Yeye hakukubali.

Madaftari ya vibarua wa shamba hilo la mkonge niliyaingiza mwenyewe kwenye kompyuta. Nikaandika na skripti ya shell, programu fupi ya kompyuta, inayolinganisha jina linalotafutwa na kila jina lililomo, herufi kwa herufi. Nilipomtafuta Bakari Sheshe, ikajibu hayumo.

Akaniomba, "Mwanangu, hebu litazame daftari kwa macho yako."

Nilimwambia kompyuta haipitiwi. Ilikuwa Ijumaa, nilitaka kwenda nyumbani.

Juzi, nikipitia orodha kwa macho kumtafuta mtu mwingine, nikamwona. Bakari Sheshe. Siku ya kumwingiza niligusa kitufe cha nafasi baada ya jina. Kwa macho huoni kitu, lakini kwa skripti hayo ni majina mawili tofauti. Na nilijua tangu mwanzo kwamba nafasi kama hizo huondolewa kwanza ndipo ulinganishe. Ni mstari mmoja tu wa kuandika.

Niliuahirisha.

Mbele ya jina pameandikwa: amekufa kwa homa, amezikwa kambini. Miezi miwili tu tangu aondoke kwao.

Leo huko Kigombe nimemkuta Bi Mwanahawa uani kwake akichagua mchele. Nimempa shikamoo, nikamsomea yaliyoandikwa, nikamwambia kosa ni langu, si la mashine.

"Miaka yote nilibishana na kaka yangu," akasema. "Siku ile nilipotoka kwako nilikwenda kwake Tongoni nikamwambia kumbe alisema kweli."

Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, kama wale wengine niliowajibu "hayumo" nimewatafutia tena watu wao.

Nikamwambia bado.

Skripti nimeirekebisha jioni hii. Waliorudi mikono mitupu nimewaorodhesha kwenye karatasi, kumi na wanne. Jumatatu nitayafungua madaftari yenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Wengi wao ni wazee, walikuja wakitembelea mkongojo. Nitawakuta hai wangapi?