Rudi, Pako Wazi

Misunkumilo, Mpanda
Jumapili, 23 Juni 2024

Kwa dada yangu mpendwa Kalista,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Karema, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule upepo wa ziwa umeacha kukusumbua kifua. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Goreth anakusalimu sana, watoto wanakula kama nzige, na mama yupo, ana nguvu zake na anatugombeza sote kwa zamu. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mambo niliyo nayo yana mwanzo na mwisho, na wewe kwenye simu hujawahi kuniacha nifike mwisho. Dereva wa basi ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi, pamoja na kiroba cha mchele. Mchele huo umo ndani ya habari hizi, kwa hiyo nakuomba usiuinjike kabla hujamaliza kusoma.

Nianze na gari langu. Unajua nilivyolihangaikia, na unajua nilivyo nalo. Goreth husema nimemwolea mke mwenza, maana gari linaogeshwa kila Jumamosi na yeye hajawahi kuogeshwa hata siku moja. Basi katikati ya mwezi wa tano tulipata msiba Kabungu, alifariki mzee Isidori, baba mdogo wa Goreth. Barabara ya kule nilisikia ina mashimo ya kuzamisha ndama, nikaogopa kuliumiza gari. Tukapanda lori la waombolezaji, mimi na mke wangu na watoto, tukatikisika kama maharage ndani ya debe, na gari nikaliacha nyumbani, ubavuni mwa stoo, lipumzike salama.

Mama alibaki. Alikuwa ameanika mpunga wake wa shamba la Mwamkulu kwenye turubai pale uani, ule aliosema ni wa harusi ya Edina wako na usiguswe na mtu. Mvua zilikuwa zimeshaaga, hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Tuliporudi jioni tukakuta ardhi imelowa chepechepe. Nikaliangalia gari langu kabla sijaingia ndani, kama ilivyo desturi yangu. Mlango wa kushoto wa nyuma ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe, na taa ya upande huo ilikuwa imebaki vipande chini. Pembeni yake, juu ya tofali, alikuwa amekaa Obadia. Unamkumbuka Obadia, jirani yetu wa upande wa mashariki mwenye pawatila, lile trekta dogo la mkono, yeye ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi la baba. Alikuwa amelowa mwili mzima na ananisubiri. Alisimama, akavua kofia, akaniambia kwamba ni yeye, ameligonga kwa tela la pawatila, na kwamba atalitengeneza lote hadi nisione alama. Akaniomba radhi.

Nilimuuliza pawatila ilifuata nini uani kwangu. Akajibu kwamba aliingia tu.

Dada, lile neno lilinipanda kichwani. Mwaka jana nilikuwa nimeshamkataza kukatisha kwangu akienda shambani, maana matairi yake yalikuwa yanauchimba uwanja. Nikajua amengoja tukazike ili apite njia ya mkato. Nilimuuliza mama, akasema tumshukuru Mungu mpunga umeingia ndani mkavu, na habari za gari Obadia ameshazisema, nimwache mtoto wa watu. Nani aliyeuanua mpunga sikuuliza. Si unajua kwetu, wingu likitisha, yeyote anayepita hujitosa kukusanya cha mwenzake, kisha anaendelea na safari yake. Kuulizana ni nani kungekuwa kama kutaka kumlipa mtu kwa kuitikia salamu.

Nikafanya ninayoyajua mimi, na wewe unayajua. Nilikata matawi ya miiba nikaziba ile njia. Obadia akawa kila asubuhi ananisalimu kutoka kwake, habari za asubuhi mwalimu, nami nikawa nalijibu gari. Siku moja alikuja na fundi wa bodi, Maiko yule wa karibu na soko, na vyuma vyake vyote begani. Nikawarudisha. Nilisema sitaki kunyooshewa mlango, nataka kwanza kuambiwa ukweli alifuata nini. Obadia akamwambia Maiko akusanye vyuma vyake, wakaondoka. Goreth aliniambia nimekuwa kama kuku anayeatamia mawe, najichosha na hakitaanguliwa kitu.

Mama naye siku hizo alinitia mashaka. Mboga zilikuja na chumvi mara mbili. Wali ulikuja na mawe, kwa mama huyu ambaye akichambua mchele hata paka alikuwa hapati punje ya kuchezea. Nikimnyooshea kikombe anakiacha mkononi mwangu. Mimi kwa akili zangu nikajua ni mgomo. Nikamwambia Goreth kwamba mama amesimama upande wa Obadia na anataka kunishikisha adabu kwa kunivunja meno.

Ikafika zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwetu. Mama Dafrosa ndiye mwenyekiti wetu sasa, na kabla ya sala ana kawaida yake: anauliza kama ndani ya nyumba hii kuna kinyongo, na kama kipo kinasemwa hapohapo, watu wanapeana mikono ndipo rozari inaanza. Nilikuwa nimejiandaa. Kwa kweli nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumatatu, hata nikayajaribu mbele ya ubao darasani wanafunzi walipotoka.

Obadia alikuja. Yeye mahali pake kwenye kila sala pale kwetu ni kigoda cha mlangoni, tangu enzi za baba, na hajawahi kukaa pengine. Lakini siku hiyo katekista Silvesta alichelewa, na kwa kuwa mguu wake unamsumbua, Obadia alimpisha kile kigoda, akaenda kukaa mkekani chini ya dirisha, kimyakimya kama alivyo.

Mama Dafrosa alipouliza, nilisimama. Nikasema yote. Nikasema gari linatengenezeka, lakini jirani anayeingia kwa mtu wakati amekwenda kuzika, kisha akashindwa hata kusema alifuata nini, huyo kupeana naye mkono ni kuudanganya mkono. Goreth alinivuta shati. Mama Dafrosa akamuuliza Obadia kama ana la kusema, naye alitikisa kichwa tu.

Ndipo mama alipoinuka. Alijifunga vizuri kitenge chake, akanyoosha moja kwa moja kuelekea mlangoni bila kusita wala kugusa ukuta. Akainama, akaushika kwa mikono yake miwili mkono wa katekista Silvesta, akasema, "Obadia mwanangu, nisamehe. Nimekuacha ubebe mzigo wangu."

Silvesta alitutazama mmoja mmoja, mkono wake umo mikononi mwa mama na hajui aufanyeje. Kisha kule chini ya dirisha Obadia akasema kwa sauti ndogo, "Mama, niko huku."

Dada Kalista, nilikaa chini, juu ya viatu vya watu. Mama yetu haoni. Ninaishi naye nyumba moja, ninakula chakula cha mkono wake, na sikujua.

Alitueleza mwenyewe, akiwa bado amesimama. Ukungu ulimwanza tangu mavuno ya mwaka jana, jicho la kulia kwanza kisha la kushoto, hadi akabakiwa na mwanga na vivuli. Nyumba anaijua kwa miguu na watu anawajua kwa sauti, ndiyo maana hatukumgundua. Alificha kwa sababu aliogopa tungemkataza kwenda Mwamkulu na kumweka mkekani kama kichanga. Na kubwa zaidi, alisema, hakutaka siku ya Edina aingie kanisani akiongozwa kwa mkono na watu wamhurumie yeye badala ya kumwangalia bibi harusi.

Siku ile ya msiba Obadia alikuwa anatoka Mwamkulu, mvua inamfukuza mgongoni. Akaona turubai letu uani na mama peke yake anapapasa kutafuta pembe zake. Akaingia, na hilo ndilo aliloingilia. Walipakia mpunga wote kwenye tela, lundo likawa refu, naye hakuweza kuona nyuma. Akamwomba mama asimame kule stoo amwelekeze wakati anarudisha. Mama akasimama, akapunga mkono na kuita, rudi, rudi, pako wazi. Na gari langu la rangi ya fedha, nililoling'arisha hadi likafanana na mvua yenyewe, lilikuwa limekaa katikati ya huko kulikokuwa wazi.

Obadia aligundua palepale, maana mama hakushtuka hadi aliposikia taa inavunjika. Mama akamwapisha kwa lile kaburi la baba kwamba hatasema. Naye hakusema, hata nilipomzibia njia, hata nilipomwaga aibu yake mbele ya jumuiya nzima.

Nilimwendea pale mkekani nikapiga magoti. Yale maneno niliyoyafundishia ubao hayakunisaidia kitu. Nilisema tu naomba unisamehe kaka yangu. Alinishika bega akaniambia hana neno na mimi, ila ile miiba yangu ilimtoboa tairi. Watu wakacheka huku wanalia, na Mama Dafrosa akasema tuanze rozari kabla hajatokea mwingine. Kesho yake alfajiri niliitoa miiba yote. Sasa anakatisha uani kwangu apendavyo na uwanja auchimbe.

Najua hapa umeshaanza kulia, kwa hiyo soma haraka yafuatayo. Tulimpeleka mama hospitali, wakasema ni mtoto wa jicho, na ugonjwa huo unatibika. Juzi Jumatano walimfanyia jicho la kulia. Tulikwenda na gari lilelile, mlango wa kushoto nimeufunga kwa mpira wa baiskeli, mama mbele na Obadia nyuma ameushikilia usifunguke njiani. Alhamisi walimtoa bandeji. Alitoka nje taratibu, ameweka mkono juu ya paji la uso kwa ajili ya jua, akalikuta gari mbele yake. Akauangalia ule mlango juu hadi chini. Kisha akamgeukia Obadia akamuuliza kama huo ndio mkwaruzo mdogo aliomwambia. Obadia akajibu ndiyo mama, mdogo. Mama alicheka mpaka nesi akaja kumkataza. Halafu akamtazama Obadia usoni, akasema, "Kumbe umeota mvi." Mimi akaniambia nimenenepa. Nililia pale uwanjani mbele ya wagonjwa, dada, na sioni haya kukuandikia.

Jicho la kushoto wamesema litafuata mwezi ujao mambo yakienda vizuri, kwa hiyo harusini Mungu akipenda atatembea mwenyewe. Amesema Edina asinunue sare za kina mama bila yeye, alete vitambaa achague rangi kwa macho yake. Maiko anaunyoosha mlango wiki hii, na Obadia anamsimamia kana kwamba gari ni lake.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na mwambie Edina bibi yake anamsubiri. Goreth anasema ukija usisahau wale samaki wa ziwani, migebuka mikavu. Obadia naye amesema nimwandikie salamu zake, na kwamba yeye ndiye atakayeubeba mpunga wote wa harusi mpaka mashineni, ila safari hii nitasimama mimi nyuma ya tela.

Sasa unaweza kuinjika. Mchele ulio ndani ya kiroba ni wa mpunga ule ule, tumekoboa kidogo muonje. Goreth aliupeta kwa ajili ya vumbi, lakini usihangaike kuuchambua, hutapata jiwe. Mama aliuchambua mwenyewe jana kutwa nzima, ungo mapajani, kwa jicho moja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Krispini