Tabaga Yangu Iko Ukutani kwa Wapolandi

Dada yangu Zaituni,

Salamu aleikum. Nyumba yote ya Koboko hamjambo? Goti lako limepona? Mimi mzima, ila baridi ya huku Uingereza inanila mifupa, na mikono imechanika kwa sabuni ya kufulia shuka hospitalini. Siku zote huanza kwa kukuchekesha. Leo sina kicheko, dada. Ukikasirika, shauri yako.

Ninafua na mama mmoja mzee, Mpolandi, jina lake Hanka. Siku ya kwanza alinisikia nikiitukana mashine kwa Kiswahili, akaangua kicheko: "Wewe iko mutu ya Uganda? Mimi iko toto pale Masindi!" Kumbe wakati wa vita kuu walifukuzwa kwao, wakaletwa kambini Masindi. Wazungu wakimbizi, fikiria! Nikampenda hapo hapo.

Jumapili akanipeleka kwenye makumbusho yao, vyumba viwili tu juu ya duka la mikate. Wallahi nilicheka. Kuna korongo aliyekaushwa, wamemvisha kofia ya askari. Kuna mayai yaliyochorwa maua, na jino la padri fulani ndani ya glasi. Chumba cha pili ni cha Uganda: chungu, mkeka, kibuyu, na ukutani tabaga ya kusukwa, ile ya kufunikia chakula. Wameitundika kinyume, upande wa ndani ndio unatazama watu. Wasingekosea hivyo, ningepita tu. Lakini wewe unajua, upande wa ndani ndiko Mama huacha mafundo yake ya uzi mweusi, tabaga yako mawili, yangu matatu. Nilisogea karibu nikaona matatu.

Nikamwuliza Hanka imetoka wapi. Akanionyesha picha pembeni: daktari wao aliyekuwa akifanya kazi Arua, na mwanamke anamkabidhi tabaga kwa mikono miwili, meno yote nje. Ni wewe, Zaituni. Hata kitenge ulichovaa ni changu.

"Huyu mama alimpa zawadi," Hanka akasema. "Daktari akapatia bwana yake kazi ya dereva."

Na mimi uliniandikia nini? "Askari wamepekua nyumba ya Arua, wamebeba yote, hata tabaga yako." Nikalia, nikakuonea huruma wewe! Ulijua hakuna atakayethubutu kwenda kuwauliza askari. Umenisaliti, dada. Naliandika neno lenyewe ulisome vizuri.

Kwetu binti haingii kwa mume bila tabaga ya mama yake, sawa. Ungesema kweli, ningefoka, ningenuna, halafu yangeisha. Kinachonichoma ni barua yako ya juzi. Mama ananisukia nyingine, macho yamekwisha, anapapasa, sindano inamtoboa vidole, "lakini amekataa kupumzika mpaka upate ya kuolewa nayo." Wewe mwenyewe umeandika hivyo! Unakaa naye, unamfuta damu, unanyamaza. Una moyo wa namna gani?

Nilimsimulia Hanka papo hapo. Aliposikia habari yote, aliitungua tabaga akaniwekea mikononi. Iko hapa kitandani ninapoandika. Basi Mama hana sababu ya kusuka tena, na wewe ndiye utamwambia kwa nini.

Nisalimie mjomba, yule fundi baiskeli wa Dadamu, na shangazi yetu muuza samaki pale Arua. Watoto wako wabusu, hao hawana kosa. Mumeo mwambie aendeshe gari polepole.

Mama usimpe salamu zangu. Nimezishika. Najua atauliza, "Mtoto amesema nini?" kama anavyouliza kila barua ikifika, na safari hii usimdanganye kwa salamu. Mwambie ulichofanya. Siku nitakayosikia ameweka sindano chini, nitajua umesema, na siku hiyo ndiyo nitamsalimu Mama.

Mdogo wako,
Rehema