Waliokuja Kumposa Salma kwa Mpira

Missouri City, Texas

Dada yangu Zaina,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza niambie habari ya goti, maana kwenye simu kila mara wasema limepona na nyuma yako namsikia mtu akicheka. Yale mafuta niliyokutumia umepaka, au umempa jirani? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Joto la Agosti hapa lingekushinda hata wewe mzaliwa wa Mombasa. Ukifungua mlango tu, miwani inaingia ukungu. Mke wangu Rukia yuko vile vile hospitali kule mjini Houston akiwahudumia wagonjwa, nami naendesha lile gari la kuwapeleka watu wa figo kusafishwa damu. Siku nzima ni barabara. Hapa bila gari hata mkate hununui.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kadi ya simu hukatika mtu akiwa katikati ya neno, na neno nililo nalo leo sitaki likatike.

Salma amekwenda chuo kikuu. Tulimpeleka Jumapili iliyopita, Dallas, mwendo wa saa nne na zaidi. Habari za mpira wake wa kikapu unazijua nusu nusu, kwa hiyo acha nizieleze. Huyu binti yangu ametoka na urefu wa babu yetu. Nikitaka kumkaripia lazima niinue kidevu. Mwaka jana magazeti ya hapa yalimtia katika orodha ya wachezaji bora wa kike wa shule za sekondari, na makocha wa vyuo wakaanza kumwandikia mpaka sanduku letu la barua likawa halifungiki. Na kabla hujauliza: huvaa suruali ndefu na hijabu yake uwanjani, wala hakuna kocha aliyelalamika.

Basi makocha wakaja nyumbani. Huku ndivyo ilivyo, kocha humfuata mchezaji kwao, akaketi na wazazi sebuleni, akaeleza nia yake. Dada, niliposikia hivyo nikajiambia jambo hili mimi nalijua. Hii ni posa! Nikavaa kanzu, nikamwambia Rukia achome udi, nikatoa halwa iliyoletwa na mgeni kutoka nyumbani. Walikuja watatu kwa siku mbalimbali. Wa mwisho alikuwa mama mmoja Mmarekani mweusi kutoka chuo cha Dallas, na Salma alimpenda tangu alipovua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama yule hakupamba maneno. Alisema Salma ni hodari chini ya kikapu ila mkono wake wa kushoto ni dhaifu, na mwaka wa kwanza huenda akakaa benchi zaidi ya kucheza. Lakini chuo kingemsomesha bure miaka yote minne.

Niliwajibu wote watatu kama tunavyojibu sisi: tumewasikia, tutashauriana na wazee, nendeni, jawabu mtaletewa. Wewe wajua binti hatolewi siku ile ile. Waposaji warudi, wabembeleze kidogo, ndiyo heshima ya mtoto. Kocha wa Dallas akapiga simu. Nikamwambia Rukia aseme sipo. Akapiga tena, na tena.

"Baba, coach ame-call mara ya nne," Salma akaniambia. "Please, m-call back."

"Akikutaka kweli atarudi. Mwache aje na wenzake."

"Baba, they don't come back! Wana wasichana wengine kwenye list."

Rukia akasema kutoka jikoni, "Wewe wamngoja nani, mume wangu? Yule mama si mtu wa Mji wa Kale."

Nikawacheka wote wawili. Wiki ya tatu ikaja barua fupi, ya adabu sana: nafasi amepewa msichana mwingine. Wale makocha wawili walikuwa wameshajaza timu zao hata kabla ya hapo. Salma hakunigombeza. Aliuchukua mpira wake akautia kabatini pamoja na mafagio, kisha akanitengenezea chai, akakiweka kikombe mbele yangu polepole bila kunitazama. Ni heri angepiga kelele.

Na kile kikombe, Dada, kilinichoma, kwa sababu wewe uliwahi kuniwekea kikombe namna ile ile. Baba alipofariki nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mimi ndiye niliyekuwa na neno la kukuoza. Mwalimu yule wa Malindi akaleta watu wake. Niliwarudisha mara ya kwanza, nikawarudisha mara ya pili. Sikumwona na kasoro yoyote; nilitaka tu watu wa mtaani waone kuwa nyumba yetu ingali na mwanamume. Mara ya tatu hawakuja, tukasikia ameoa Lamu. Wewe hukusema neno. Ukabaki na Mama mpaka alipotutoka, na mimi nikapanda ndege nikaja huku.

Usiku wa ile barua sikulala vizuri. Asubuhi nikaomba ruhusa kazini, nikamwambia Salma aingie garini twende Dallas. Nyumbani wangenicheka, baba wa binti kumfuata mposaji mpaka mlangoni kwake! Tulipoupita mji wa Huntsville njiani ndipo nilipomwuliza nilichotakiwa kumwuliza tangu mwanzo, kwamba yeye mwenyewe ataka nini.

"I want to play, Baba. Kwa yule coach. Hata nikikaa bench, si atanifundisha left hand?"

Tulimkuta kocha mazoezini, filimbi shingoni. Nikamweleza desturi yetu yote, nikamwambia kosa ni langu na mtoto hana lake.

"Bwana, nilidhani mmenikataa," akasema. "Nilipiga simu mara sita."

Nafasi ya kusomeshwa bure ilikuwa imekwenda, na hakuweza kumnyang'anya yule msichana mwingine, wala mimi nisingekubali. Kilichobaki kilikuwa hiki: Salma asome kwa gharama yetu mwaka wa kwanza, afanye mazoezi na timu bila ahadi yoyote, na akionekana anafaa, chuo kimchukue mwaka wa pili. Akaniuliza nasemaje. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema nitashauriana na wazee.

"Mwulize mwenyewe," nikasema.

Salma alikubali kabla sijafunga mdomo.

Sasa watu msikitini wananiuliza lini watamwona kwenye televisheni. Nawaambia sijui. Magazeti yaliyomsifu yameshahamia kwa wengine. Huenda akang'ara, huenda akakaa benchi miaka minne akiwapigia wenzake makofi. Rukia anafanya zamu za ziada kwa sababu ya kiburi changu, na hilo laniuma kila ninapomwona akifunga viatu. Lakini jana Salma alipiga simu akicheka. Kocha amemwamuru afanye kila kitu kwa mkono wa kushoto, afungue milango, apige mswaki, aandike. "Nimemwambia coach, everything except kula," akasema. Nilifurahi, Dada, nilifurahi sana.

Nisalimie shangazi Fatuma, mkubwa wetu sote, na umwambie dua zake zinafika. Binamu Omari, fundi wetu wa cherehani, mwambie kanzu yake ndiyo niliyowapokelea makocha na wote waliisifu. Na mjomba Bakari anayeadhini, mpe mkono wangu.

Neno langu sasa. Naomba radhi kwa habari ya yule mwalimu. Siombi kwa kuwa mambo ya Salma yamenyooka, maana bado hayajanyooka. Naomba kwa sababu nilikaa na wale watu mara mbili, nawe ulikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu, na sikuinuka kuja kukuuliza. Miaka yote hii sijakuuliza. Ulimtaka, Dada?

Mdogo wako,
Athmani