Kakao Aliyoifunika Mama

Makwale,
S.L.P. 77,
Kyela.
19 Januari 2025

Mpendwa Kaka Gwamaka,

Ko! Ni rungu la Mama likipasua tunda la kakao. Niliusikia mlio huo kwenye simu Jumatatu na bado umo masikioni mwangu. Ndaga fijo, asante sana, kwa ujumbe wako. Je, ile homa imekuachia? Baridi ya Oslo imepungua? Sisi tunapumua tu. Baba ameanza kula kidogo.

Jumatatu hiyo nilikuwa chuoni Dar es Salaam, naandika tasnifu. Mama alitaka tuongee, nikamwambia nitampigia baadaye. Akacheka: "Unasomea muda, mwanangu, halafu wewe ndiye huna muda!" Sikupiga. Jumatano alfajiri hakuamka.

Uliniuliza ninachosomea. Wapo wanafizikia wanaodhani kwamba chini kabisa ya vitu vyote hakuna muda wala mahali. Kuna mahusiano tu, na hivyo viwili huibuka humo, kama joto linavyoibuka kwenye kakao iliyofunikwa, ilhali punje moja ukiitenga haichemki. Hata umbali, wanasema, huenda ni kipimo cha jinsi vitu vilivyofungamana. Nimeandika kurasa tisini juu ya hilo. Kaka, mimi na Mama tulifungamana, na kaburi lake liko hatua ishirini tu, kwenye migomba. Mbona yuko mbali hivi?

Kakao ile ya Jumatatu aliiacha imefunikwa kwa majani ya migomba ili ichachuke kabla ya kuanikwa. Shangazi Marta akakataza: "Kazi ya marehemu haiguswi mpaka tuanue matanga!" Nilifurahi. Nilijidanganya kwamba majani yasipofunuliwa, Jumatatu haijaisha, na simu bado naweza kuipiga.

Jana nikapenyeza mkono chini ya majani. Kakao ilikuwa ya moto, inanuka siki. Haikunisubiri. Siku mbili zaidi ingeoza.

Baba anakusalimu sana. Mungu akutunze huko uliko, akufanyie wepesi wa kulia peke yako. Shangazi naye anakusalimu, ingawa tangu aliporudi kutoka kanisani leo ameninunia. Alinikuta uani, nimepiga magoti kwenye mkeka. Nimeifunua kakao ya Mama, Kaka. Nimeianika yote juani kwa mikono yangu.

Jumatatu imeisha.

Mdogo wako akupendaye,
Tusajigwe