Kitanda cha Vishikio Vinne

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Salamu zako zimefika zikiwa nzima. Mimi sijambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Magoti yameshastaafu bila kuniaga. Mkwe wangu fundi friji hajambo? Mwambie ile friji aliyonitengenezea sasa inapasha maji moto, namshukuru sana.

Nimesoma kwamba mmeanza mambo ya kuasili mtoto mchanga, na kwamba fomu ina kurasa kumi na nne. Sisi tulikupata wewe bila fomu. Ingekuwepo, marehemu mama yako angenifelisha ukurasa wa kwanza, pale wanapouliza tabia. Unalalamika kwamba penye swali la "Kwa nini mnataka mtoto?" mumeo ameandika "Ndiyo." Muache. Sijasikia jibu zuri kuliko hilo.

Unasema pia afisa wa ustawi wa jamii atakuja kukagua nyumba, na lazima akute mtoto ana pa kulala. Usinunue kitu. Baba yako ni seremala. Najua utasema miaka arobaini sijatengeneza chochote ila majeneza. Jeneza ni nini kama si kitanda cha mtu asiyegeukageuka?

Kitafika kwa lori la mbao mwisho wa mwezi.

Mimi baba yako, fundi.


Tarehe 27 Februari

Shikamoo baba,

Natumaini magoti yamerudi kazini. Sisi ni wazima wa mwili; ya moyoni nitayasema.

Kitanda kilifika jana saa nne asubuhi. Afisa alifika saa nne na dakika tano. Wapakuaji walikuwa wamekibeba mabegani, wanatembea taratibu wameinamisha vichwa, na majirani walikuwa wameshasimama. Jirani wa mbele alivua kofia.

Baba, kina vishikio vinne vya shaba. Kina satini nyeupe ya mikunjo mikunjo. Kina kifuniko.

Afisa akauliza nani amefariki. Mume wangu, badala ya kunyamaza, akasema, "Bado."

Yule mama afisa akaandika muda mrefu. Nikamwambia ni kitanda cha mtoto. Akaacha kuandika, akanitazama juu ya miwani, akafungua ukurasa mpya.

Ameahirisha uamuzi. Anasema atakuja kuzungumza na aliyekitengeneza. Akiandika kwamba hatufai, faili linafungwa na hatupati mtoto. Nakuomba, safari hii usifanye utani.

Na jingine. Kile kidogo ulichonitengenezea miaka sita iliyopita, nilipompoteza mtoto wangu, sijakisahau. Afisa alipoondoka nilikifunika hiki kwa shuka, nikakaa sakafuni.

Mwanao.


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Mwezi mzima sikuandika kwa sababu kila nikianza, kalamu inafanya mzaha yenyewe, nachana. Hii ni barua ya tano.

Mkono una mazoea yake. Niliuambia utengeneze kitanda, ukaitikia, ukashika njia unayoijua. Mbao ni zile zilizobaki kwenye jeneza la marehemu diwani, ambaye tulipompima tulimkuta mfupi kuliko alivyokuwa jukwaani. Kifuniko nilidhani kitazuia mbu. Wallahi sikuona kinafanana na nini mpaka niliposoma barua yako.

Kile kidogo nami sijakisahau. Tangu siku ile sipokei kazi ya chini ya futi tatu. Wakija nawaambia msumeno umeharibika, waende kwa fundi wa pili. Hiki ndicho cha kwanza kifupi nilichokishika tena, na nilikuwa napiga mluzi nikikisugua msasa.

Afisa alikuja juzi. Nikamtafutia pa kukaa. Akauliza mtoto asiye wa damu yangu nitampokeaje. Nikamwambia, "Mama, nimepima watu miaka arobaini. Damu sijawahi kuulizwa. Napima urefu na mabega, basi."

Akasema, "Na huyu mtoto, mzee, kwa nini umtengenezee jeneza?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, "Wateja wangu wote niliowalaza, hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kuniambia amelalaje. Nilitaka mmoja tu."

Akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. Nikaona mambo yamekaa sawa. Kisha akauliza alichokalia ni nini. Mwanangu, ungenisifu, sikumdanganya. Ila nikaongeza kwamba kinamtosha kabisa.

Aliondoka bila kuaga.

Kama nimewaharibia, nitakuja mwenyewe kwa magoti haya haya niombe msamaha ofisini kwake. Kifuniko king'oeni, satini itoeni. Vishikio mviache kama hamjali. Ni kazi yangu nzuri.

Baba yako.


Tarehe 19 Julai

Shikamoo baba,

Magoti hayajambo? Sisi hatujambo wote watatu.

Nimesema watatu. Umeona.

Afisa alitusomea ripoti yake. Penye habari za ndugu wa karibu ameandika: "Babu ana kasoro nyingi. Sikuona hata moja itakayomdhuru mtoto." Chini yake ameongeza kwamba babu anapima watu kwa macho bila ruhusa yao.

Tumeletewa Jumatatu. Ni binti, ana wiki tisa. Tutatazamwa miezi mitatu, ndipo twende mahakamani, kwa hiyo natembea nyumbani kwangu kama mgeni aliyevaa viatu vya watu. Siku mbili za kwanza alilia kwenye kitanda tulichoazima. Siku ya tatu mume wangu akaenda stoo bila kuniuliza, akaja na chako. Kifuniko alikuwa ameshakigeuza rafu ya nepi. Nilitaka kukataa. Mtoto akawekwa, akatazama pembe zote nne kama anayekagua kazi, akafumba macho.

Nikiwa jikoni nataka nimuone, kwa hiyo tunamhamisha humo humo. Mimi nashika upande wa kichwa, mume wangu upande wa miguu, taratibu, kwa vishikio vyako. Jirani wa mbele bado anavua kofia.

Ulitaka mmoja arudi kukuambia. Leo amelala kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Ameamka na malalamiko: godoro limelowa, na ameyasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Afisa anataka urefu wake kila mwezi. Nimemwambia tuna mtu wetu. Njoo na futi yako, baba. Huyu unapima leo, mwezi ujao unapima tena.

Mama yake.