Vizibo Vinne vya Maji ya Mvua

Kaka Melki,

Katika Moshi nzima, kuanzia Pasua mpaka Rau, hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Wenzangu wamerithi vihamba vya migomba na kahawa, wamerithi ng'ombe, wamerithi na kesi za mipaka. Mimi nimerithi kipimo. Nilikuwa kando ya kitanda chako pale hospitali, umenishika mkono, Shemeji ameenda nyumbani kukufulia shuka, na ukaninong'oneza mimi Siprian, darasa la sita kasoro mtihani, namna ya kuchanganya dawa ya dashibodi. Halafu ukafumba macho. Nani mwingine kaachiwa hivyo? Nikisimulia, watu wanatikisa vichwa, na mmoja wao lazima aninunulie pombe ya mbege.

Habari za huku ni zile zile. Sukari ni ya foleni, sabuni ikionekana dukani watu wanaitana kama kuna harusi. Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu yanalazwa, amri ya kuokoa petroli. Bwana Firozi, bosi wetu, amepungua mwili ila mdomo haujapungua. Wiki moja baada ya kukuzika alikuja kwenye banda letu la nyuma ya gereji, mikono mgongoni, akatazama vitambaa vyako kwenye kamba.

"Siprian, Melkiori alikuwa anachukua gari la miaka kumi, ukilifungua mlango unadhani limeshuka melini jana. Wewe utaweza?"

"Bosi," nikamwambia, "mimi nimekuwa utingo mpaka Mombasa, mpaka Lusaka. Kitu gani kitanishinda hapa?"

"Lusaka hawajaniletea gari hata moja. Kuna fundi wa pancha analitaka banda hili. Ukiniharibia mteja mmoja, nampa."

Dawa yenyewe ilikuwa lile galoni la mwisho, nzito, nyeupe kama mtindi. Jingine halijaja na hakuna ajuaye litakuja lini. Basi likaletwa gari la kwanza tangu ufariki, ile pijo ya Sista Konsolata. Nikajisemea, leo watanijua. Kutia maji kwenye dawa nikaona ni umaskini. Mombasa niliona teksi ndani zinang'aa mpaka abiria anachania nywele kwenye dashibodi. Nikamimina dawa kavu kavu. Dashibodi, milango, viti vya rekisini, na, Mungu anisamehe, usukani. Nilipomaliza niliuona uso wangu pale mbele ya kiti cha dereva, na nikakiri kwamba mimi ni mzuri.

Sista akaondoka saa mbili asubuhi kwenda Mwika, jua liko usoni. Saa tatu alikuwa amerudi.

"Siprian! Umelisafisha gari au umelikaanga?"

Kaka, pale Kiboriloni jua lilipiga dashibodi, dashibodi ikapiga kioo, na Sista akaona weupe mtupu kama anaitwa mbinguni. Akakanyaga breki, kiti kikamtema. Akashika usukani, ukamponyoka kama kambare. Mama mmoja akarukia mtaroni na mkungu wake wa ndizi. "Ni mzima," Sista akasema, "na amenitukana mimi mtawa, kwa Kichagga kwanza, halafu akanitafsiria."

Gereji nzima ikacheka. Bwana Firozi hakucheka. "Hicho kipimo ulichonong'onezwa, kilikuwa cha dashibodi au cha maandazi?" Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote. Kisha nikaenda nyuma ya pipa la maji, nikakaa huko kidogo.

"Jumamosi," bosi akasema. "Sista ataleta gari tena Jumamosi. Likimshinda huyu, Jumatatu banda ni la pancha."

Sikuogopa kukosa kazi. Mwenye mabega kama yangu hakosi lori la kupanda. Ila mle bandani ndimo watu walimokujua. Hukuandika kitabu, hukuwa diwani, kanisani ulikaa benchi la nyuma. Mle ndani waziri na mchuuzi wote walikuita Fundi, wakasubiri zamu. Wakianza kuziba pancha mle, baada ya mwaka nani atajua ulikuwepo?

Basi nikaanza kukukumbuka kwa bidii, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye koti. "Dashibodi ni uso, siyo sufuria," ulikuwa unasema. "Uso ukioga unatulia, haumulikimuliki." Ukasema, "Dawa itie kwenye kitambaa, gari lisiione chupa." Usukani na pedali ni mwiko kabisa. Na maji yawe ya mvua, ya kwenye pipa. Ya mfereji wa mfongo yanashuka na vumbi la mlima, yakikauka yanaacha ukungu. Siku ile nilipokuchotea ya mfongo uliyamwaga bila kunitukana, na hilo liliniuma zaidi ya tusi.

Lakini maji kiasi gani? Nikaitoa dashibodi ya lile lori bovu la uani, nikaichora miraba kwa chaki, nikachukua kizibo cha soda kuwa kipimo. Kizibo cha dawa kwa kizibo cha maji: kioo kile kile cha Mombasa. Kwa viwili: bado Sista angeitwa mbinguni. Kwa vitatu macho yalikubali, ila nilipogusa kwa nyuma ya kiganja, kama ulivyokuwa unagusa wewe, kulinata, na jioni vumbi lote la Moshi lilikuwa limehamia pale. Kwa vinne, Kaka, weusi ukatulia kama ngozi ya mtoto aliyepakwa mafuta na mama mwenye akili.

Ila ikabaki michirizi. Nikafuta haraka, michirizi. Nikachelewa kufuta, dawa ikashika, michirizi minene zaidi. Ijumaa mchana nilikuwa nimekwisha. Nikasimama na kitambaa begani, nikajiona nimesimama kama wewe, na ghafla nikakumbuka midomo yako.

Miaka sita! Kila ukimaliza kupaka ulikuwa unasimama, kitambaa begani, midomo inacheza. Mimi nilidhani unasali. Nilikuwa natoka nje kuvuta sigara, maana utakatifu wa mtu saa za kazi ulikuwa unanitia aibu. Nikapaka mraba mpya, nikaanza Baba Yetu. Nilipofika "Amina" nikafuta. Safi. Nikajaribu kuishia kwenye mkate wetu wa kila siku: bado mbichi. Nikasema mbili: imeshika. Moja tu, mwanzo hadi mwisho, bila kukimbia. Ruwa, Mungu wangu! Kumbe ulikuwa unapima. Au ulifanya yote mawili kwa mpigo, maana wewe ulikuwa mchoyo wa muda.

Jumamosi Sista alinikuta nimeinama mle ndani, nanong'ona.

"Siprian, wewe, unasali?"

"Nasali na kufuta, Sista. Nisubiri nifike Amina."

Akaenda Mwika, akarudi mchana. Akashuka polepole, akapitisha kidole juu ya dashibodi, akakiangalia. "Leo nimeiona barabara," akasema. Halafu akamgeukia bosi: "Ni mkono ule ule." Jumatatu nilimsikia Bwana Firozi mwenyewe anamwambia mtu wa pancha atafute penginepo, hapa pana fundi. Kaka, nilitembea mpaka Pasua kifua mbele. Mbwa wenyewe walinipisha. Mkono ule ule! Nimewahi kusifiwa bandarini, nimesifiwa na wanawake wa Ndola, lakini hili nitazikwa nalo.

Nikapanda Mwika kumpa Shemeji habari. Akanipa kata ya mbege, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka pale pa kambare. Kisha akaniuliza jambo lisilohusu magari. "Siprian, ni kweli ulimshika mkono? Hakuwa peke yake?" Nikasema kweli. Akashusha pumzi kama mtu anayetua kuni. "Basi. Kila siku najilaumu kwa zile shuka nilizokwenda kufua." Anasema tangu siku ile usingizi unampata.

Fundi, pumzika. Galoni linakaribia nusu, nami nalitumia kama dawa ya macho. Likiisha nitatafuta nta ya nyuki, nitajaribu miraba mingine, na hakuna gari litakalotoka kwenye banda lako likimpofusha mtu. Hilo nakuahidi. Na Jumapili, kabla ya saa nane, napanda tena kwa Shemeji kumwambia haya ninayokuambia wewe kwanza. Akinifukuza, ana haki.

Sikuwepo, Kaka. Uliponiita nilikuwa Himo kwenye mbege, nikasema nitakuja kesho. Hukuninong'oneza kitu. Ulikufa peke yako.

Siprian